Mvua ya Usiku ya Karasaki: Ununue Chapa Ipi?

Kandokando ya Ziwa Biwa, Japani, kuna mandhari nane zilizoteuliwa kwa kufuata desturi ya kishairi iliyotoka China, zikiwemo mwezi wa vuli Ishiyama, kengele ya jioni hekaluni Mii, mvua ya usiku Karasaki. Hiroshige, msanii wa chapa za mbao, alizichora miaka ya 1830, kila moja na shairi lake ndani ya picha. Anayetaka kutundika mandhari za namna hii ukutani ana njia nne, na bei zake ni mbingu na ardhi.

Chapa za enzi ya Edo, zama za Hiroshige mwenyewe. Mwaka 2023, chapa ya wimbi mashuhuri la Hokusai, msanii mwingine wa enzi hiyo, iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 2.76. Usikate tamaa: karatasi za Hiroshige zilizochakaa huweza kupatikana kwa dola mia kadhaa. Kagua kingo, maana zikikatwa thamani hushuka.

Chapa za Kawase Hasui (1883–1957), msanii wa mandhari. Chapa zilizotolewa akiwa hai huweza kufika maelfu ya dola. Za kabla ya tetemeko la 1923 ni adimu, kwani moto uliofuata uliteketeza karakana ya mchapishaji wake, Watanabe Shozaburo, jijini Tokyo. Zilizochapwa baada ya kifo chake ni nafuu zaidi. Muhuri wa mchapishaji ndio unaozitenganisha. Usilipe kabla hujauchunguza.

Nakala zilizochongwa upya. Taasisi ya Adachi, Tokyo, huchonga upya mbao za mcheri na kuchapa kwa mkono juu ya karatasi ya nyuzi za mforosadi. Kwa kazi ya aina hii tenga kati ya dola 100 na 300, ukiongeza usafirishaji na ushuru wa forodha.

Picha ya mashine. Tangu 2017, jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, huruhusu watu kupakua bure picha za kazi zisizo na hakimiliki. Utalipia uchapaji tu.

Kabla ya kununua, geuza karatasi. Kazi ya mkono huonyesha rangi iliyopenya hadi nyuma, pamoja na alama za kisugulio cha mchapaji. Ya mashine, ukiitazama kwa lenzi, mara nyingi ni vitone vitupu.

Mimi nachagua nakala iliyochongwa upya. Mnunuzi wa Edo hakununua kitu cha kale. Alinunua karatasi mbichi, kwa bei isiyopishana sana na ya bakuli la tambi. Pale Karasaki, mistari ya mvua ilichongwa mmoja mmoja, ikamwagika wima juu ya msonobari mkuu. Kazi ya kisu na ya mkono ndiyo iliyoifanya mvua ile inyeshe, na bado inauzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kujiwekea akiba. Pesa itakayobaki, nunua fremu yenye kioo cha kuzuia miale, uitundike mbali na jua. Zambarau na waridi hupauka upesi.