Fundi aliyeshinda Safari kwa gari la mtumba

Ukishuka matatu pale Kyumbi Jumamosi jioni, utazisikia kabla uzione. Subaru za buluu, zinanguruma kama zina kifua, zikikunja kona kuingia barabara ya Machakos. Miaka mitatu iliyopita, muhula ule ule nilioacha chuo, nilikuwa nakaa kiti cha abiria kwenye moja yazo. Dereva alikuwa beshte yangu, fundi wa gari hapa mjini. Nikimwambia apunguze spidi ananijibu, "Tulia buda, hii ni Safari Rally."

Sasa wacha nikupe stori ya hiyo Safari yenyewe, maana sisi wawili tuliitaja kila siku na hatukuijua hata robo.

Ilianza 1953, enzi za mkoloni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kawaida, zile zile za mabasi na ng'ombe. Mwaka wa 1960 ikaitwa East African Safari. Kwa miaka mingi ilikimbizwa wakati wa Pasaka, na wewe unajua Pasaka ni mvua. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Ukidhani hiyo ni bahati mbaya, 1968 yalianza 93 na yakamaliza 7 tena! Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot yake.

Lakini msee wangu ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, akakulia kwenye spana katika gereji ya babake, baadaye akafanya kazi ya doria ya kusaidia madereva waliokwama barabarani. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walichukua Volvo PV544 ya mtumba, gari ambalo wengine walishalitumia mashindanoni, wakashinda Safari. Soma hiyo tena polepole. Fundi, na gari la sekahandi, mbele ya timu zilizotumwa na viwanda vya Ulaya. Alirudi akashinda tena 1974 na 1976, mara hizo akiendesha Mitsubishi Lancer.

Safari iliingia kwenye ubingwa wa dunia 1973, na mwaka huo huo Shekhar Mehta akashinda na Datsun. Huyo alikuja kushinda nyingine nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka wa 1994 Ian Duncan alishinda na Toyota, na Patrick Njiru akamaliza wa nne na Subaru Impreza. Ukitaka kujua kwa nini kila kijana Kenya anaota Subaru, anzia hapo.

Baada ya 2002 dunia ikatuacha hadi 2021, Safari iliporudi Naivasha. Hapo katikati watu wengi walifikiri langalanga imekufa. Wapi! Ubingwa wa kitaifa uliendelea, raundi baada ya raundi, Nakuru, Eldoret, Nanyuki, na hata huku kwetu kaunti ya Machakos, kwenye vumbi la Lukenya na Stoni Athi. Hizo ndizo raundi zilizotulea sisi. Huhitaji tiketi ya maana, unahitaji kofia, maji, na akili ya kutosimama nje ya kona.

Shida ni kuingia ndani ya gari. Leo gari la kushindania nafasi ya kwanza, mfano Skoda Fabia ya daraja la Rally2, lile lililoitwa R5 zamani, linakula mamilioni ya shilingi, na hapo hujanunua tairi. Kuna madaraja ya chini ya magari ya kawaida, lakini bado unatakiwa kuweka kizimba cha vyuma ndani, helmeti, nguo zisizoshika moto na leseni ya mashindano. Beshte yangu alikuwa ameandika hiyo orodha yote nyuma ya kalenda ya gereji. Alikuwa amepiga tiki moja tu. Helmeti.

Kwa hivyo alikimbizia barabarani, usiku, kwa sababu lami ni ya bure. Siku aliyogonga sikuwa naye. Lori lilikuwa limeharibika bila taa kabla ya kufika mjini. Mguu wa kulia una vyuma hadi leo, na ile helmeti ilikuwa imebaki nyumbani juu ya kabati.

Juzi nilimpeleka Stoni Athi kutazama autokrosi, zile mbio fupi za mzunguko kwenye udongo. Kulikuwa na watoto wadogo kabisa wakiendesha vigari vyao, wazazi wakipiga kelele. Yeye alikaa kwenye kreti ya soda, mguu ameunyoosha, hasemi kitu. Kisha gari moja likapita, akainua kichwa.

"Hiyo plagi ya tatu haichomi," akasema.

Lilikufa raundi iliyofuata. Mwenye gari alipofungua boneti, beshte yangu alikuwa tayari ameshachukua mkongojo wake na anaelekea huko.