Boliti za gari: lipia alama ya kichwani, si mng'aro

Boliti mbili za milimita 10 zinaweza kulingana urefu, unene na rangi, kumbe moja inabeba mara mbili ya mwenzake. Tofauti imechongwa kichwani. Kabla hujatoa hela, geuza boliti usome.

Boliti za milimita huandikwa namba mbili zenye nukta katikati: 4.8, 8.8, 10.9, 12.9. Ya kwanza zidisha kwa 100, utapata nguvu ya kuikata kwa kuivuta, kwa megapaskali. Ya pili ni sehemu ngapi za kumi za nguvu hiyo itastahimili kabla haijavutika isirudi tena. Kwa hiyo 8.8 hukatika kwenye 800 na huanza kuvutika kwenye 640. Ile 4.8 ya bei ya chini ni 400 tu. Isiyo na alama yoyote ihesabu ya daraja la chini: ifungie kibao cha namba au madigadi, usiifungie kalipa ya breki.

Boliti za inchi za Kimarekani hazina namba, zina mistari. Mitatu ni Gredi 5, inayokaribiana na 8.8. Sita ni Gredi 8, inayokaribiana na 10.9. Hapa wengi huumia: muuzaji akisikia "gredi nane" anakupa 8.8, nawe unaondoka na boliti dhaifu kuliko iliyotoka.

Magari mengi ya barabarani kwetu yametoka Japani, na boliti zake nyingi zina tarakimu moja. Ya 7 ni kilo 70 kwa milimita ya mraba, yaani kama megapaskali 690. Boliti ya 8.8 inatosha kabisa kuziba nafasi yake.

Ila angalia uzi, maana hapo ndipo gharama iliyofichika ilipo. Boliti ya milimita 10 kwenye gari la Japani kwa kawaida ina hatua ya uzi ya 1.25 na hufunguliwa kwa spana namba 14. Ya duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi ni ya 1.5, spana 17. Itaingia mizunguko miwili, mitatu, kisha ikaze. Fundi akilazimisha, meno yanaliwa. Hata boliti za magurudumu ziko hivyo: Toyota nyingi ni 12 kwa 1.5, Nissan nyingi 12 kwa 1.25. Tuseme umeokoa shilingi 1,000 kwa kila boliti, umenunua sita. Kuchonga uzi upya tundu moja tu kunaweza kumeza hiyo 6,000 yote, na gari limelala gereji. Nenda dukani na boliti ya zamani mkononi, ujaribishe nati kwa vidole.

Boliti ya chuma kisichoshika kutu inavutia na bei yake iko juu, lakini ile ya kawaida, A2-70, ni megapaskali 700. Inalipiwa kwa kutoshika kutu, haishindi 8.8 kwa nguvu. Nayo 12.9 usiinunue kwa kudhani ni akiba: ni ngumu, na ikipakwa zinki kwa umeme bila uangalifu inaweza kukatika ghafla bila dalili.

Nati nayo ina daraja. Boliti ya 10.9 inataka nati yenye alama 10. Ukiweka nati ya bei poa, umelipia nguvu usiyoipata.

Pesa ikibana, boliti ya mtumba ya gari lilelile ni chaguo zuri kuliko mpya isiyo na alama. Pitisha nati mpya kwa mkono mwanzo hadi mwisho wa uzi. Ikigoma katikati, boliti imeshavutika, iache. Za silinda hedi za aina ya kukazwa mara moja usizirudie kamwe.

Palipokuwa na 8.8 au chini yake, nunua 8.8 ya uzi uleule. Palipokuwa na 10.9, subiri upate 10.9, hata kama gari litalala.