Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Abishapo Hodi

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa, na daftari liko mbele yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: UTAFITI, RAMANI, HAKI. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.

(Kimya kidogo.)

Vyema. Sasa sikilizeni.

Siku moja kijana atabisha hodi nyumbani kwako. Mkononi ana karatasi na simu. Atasema, "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Nafanya utafiti. Naomba kukuuliza maswali machache." Utafiti maana yake ni kutafuta ukweli wa jambo kwa kuuliza, kupima na kuandika. Je, utafanyaje? Wengine hufunga mlango. Wengine hujibu kila kitu kwa hofu. Leo tutajifunza njia iliyo bora kuliko hizo mbili.

Kwanza tujiulize: chuo kikuu ni cha nani?

Chuo kikuu cha kwanza katika nchi yetu kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kabla kidogo ya Uhuru. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jumba la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo vyuo vikuu ni vingi. Lakini ununuapo sabuni, ndani ya bei yake mna kodi, na sehemu ya kodi za wananchi huendesha vyuo vya serikali na kuwakopesha wanafunzi. Kwa hiyo, hata kama hukukanyaga Mlimani, umechangia.

Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa. Wenzake wanampa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea kingine. Asiporudi, amewasaliti. Basi yule kijana mlangoni ndiye aliyekula akiba yetu. Hakuja kukupa sadaka, wala kukuamuru. Amerudi, na yapasa tujue atatuletea nini.

Sasa tutazame mfano wa kweli. Twende Tandale, upande wa Kinondoni.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikwenda Tandale kuchora ramani. Ramani ni picha ya mahali, kama ndege anavyopaona kutoka juu. Wanafunzi walijua kutumia chombo cha kupimia mahali, lakini hawakujua vichochoro. Wenyeji walijua vichochoro, lakini hawakuwa na chombo. Wakatembea pamoja. Wakaandika njia, mabomba ya maji, vyoo, mifereji na majalala. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Desemba ya mwaka ule ule, mvua kubwa iliipiga Dar es Salaam. Mafuriko yakaua watu zaidi ya 40. Ndipo wengi walipoona kwamba kujua maji yanakopita ni jambo la uhai na kifo. Kuanzia mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilifanywa katika kata nyingi zinazofurika, kwa mpango ulioitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wenyeji. Walipima mifereji, na waliwauliza wakazi maji hufika wapi. Neno "huria" hapa maana yake ni kwamba kila mtu aweza kuitazama ramani hiyo bila malipo.

Ramani yasaidia nini? Chukua mfereji ulio mpana juu na mwembamba chini. Maji hukwama, yakarudi majumbani. Wewe mlangoni kwako waona maji tu. Ramani yaonyesha mahali yalipokwama, pengine mitaa miwili mbali nawe.

Sisi wa Mtoni, jina letu lenyewe lasema. Mto Kizinga wapita huku ukielekea baharini. Mama aliyekaa hapa miaka 30 ajua masika ipi maji yalifika dirishani. Elimu hiyo haimo katika maktaba ya Mlimani. Imo kichwani mwake.

Lakini najua mzee mmoja atauliza, "Nikisema nyumba yangu hufurika, je, hawatakuja kuibomoa?" Hofu hiyo si ya bure. Baada ya mafuriko ya 2011, watu wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa mwaka 2015, nyumba nyingi katika Bonde la Msimbazi zilibomolewa. Sisemi kwamba wanafunzi ndio waliosababisha hayo. Nasema kwamba habari ni kama panga: lafyeka njia, na laweza pia kukata mtu. Kwa hiyo usimfukuze kijana, wala usimjibu kabla hujamwuliza. Andikeni maswali haya matatu:

1. Barua yako ya utambulisho iko wapi, na je, serikali ya mtaa ina habari zako?
2. Majibu yangu yatatumika kwa kazi gani, nani atayasoma, na jina langu litaandikwa?
3. Utaturudishia matokeo lini, na kwa lugha gani?

Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni HAKI, lile neno la tatu ubaoni. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na ukikataa kujibu swali, mwanafunzi mwema atalipita.

Swali la tatu ndilo zito. Utafiti mwingi huandikwa kwa Kiingereza, ukawekwa rafuni. Mwambie kijana alete matokeo katika mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, na nakala ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Hapo wewe uliyejifunza kusoma utasimama, uweke kidole juu ya ramani, na umwulize mwenyekiti, "Mfereji huu umeziba hapa. Tutauzibua lini?" Ramani haichimbi mfereji. Lakini mtu mwenye ramani hawezi kuambiwa kwamba tatizo halijulikani.

Kazi ya nyumbani ni hii. Chora njia kutoka nyumbani kwako mpaka darasani. Tia alama kila mahali maji yalipopata kufika, na kando yake andika neno moja: KIFUNDO, GOTI au KIUNO. Wiki ijayo wekeni michoro yote juu ya meza moja na kuilinganisha. Hiyo itakuwa ramani yenu ya kwanza. Itunzeni. Kijana atakapobisha hodi, mtakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo.