DAWA YA NG'OMBE HUTOKA LINI MWILINI?

Leo katika kipindi chetu tutazungumza habari ya dawa za mifugo. Hatutaeleza namna ya kuchoma sindano. Tutaeleza jambo linalokuja baada ya sindano: dawa hutokaje katika mwili wa ng'ombe, na huchukua muda gani kutoka.

Huenda mmoja wenu akasema, "Hayo ya nini? Ng'ombe akipona, basi, mambo yamekwisha." Hapana, ndugu. Ng'ombe anaweza kupona leo asubuhi, akala majani na kucheua vizuri, na bado dawa imo mwilini mwake. Maziwa utakayokamua jioni yana dawa. Na atakayeyanywa ni mtoto wako, au mtoto wa jirani aliyekuja kununua kikombe kimoja.

Safari ya dawa

Ukimchoma ng'ombe sindano katika msuli wa shingo, dawa haibaki pale. Damu huizoa kidogo kidogo na kuisambaza mwili mzima: mapafuni, katika ngozi, ini, figo na kiweleni. Ndivyo dawa inavyomfikia mdudu wa ugonjwa popote alipojificha. Lakini damu haichagui. Inaipeleka dawa penye ugonjwa, na inaipeleka vilevile pasipo na ugonjwa.

Sasa, kwa mwili dawa ni mgeni. Nanyi mnajua wazee walivyosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwili nao huanza kumtoa mgeni huyu mara tu anapoingia. Wenye kazi hiyo hasa ni wawili, ini na figo. Ini huivunja dawa au kuibadilisha ili itoke kwa urahisi, na dawa nyingine huzipitisha katika nyongo zikatoka pamoja na mavi. Figo huchuja damu na kuitoa dawa katika mkojo. Kwa ng'ombe anayekamuliwa upo na mlango mwingine, nao ndio unaotuhusu zaidi: maziwa.

Kila dawa ina njia yake. Penisilini hutoka kwa figo, tena upesi sana. Mwaka 1941, huko Oxford, Uingereza, askari polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutibiwa kwa penisilini. Dawa wakati ule ilikuwa haba mno. Basi wataalamu walikusanya mkojo wake, wakaichuja penisilini iliyomo, na kumchoma tena ile ile. Alianza kupata nafuu, lakini dawa ikaisha kabla ugonjwa haujaisha, akafariki mwezi Machi mwaka huo. Hebu fikirini: dawa ilitoka nyingi na nzima kiasi hicho, hata ikaweza kutumika mara ya pili.

Oksitetrasiklini hutoka kwa mkojo na kwa mavi. Aivamektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, ina tabia nyingine: hupenda mafuta. Hujificha katika mafuta ya mwili na kutoka polepole. Ndiyo maana chupa nyingi za sindano ya aivamektini zimeandikwa kwamba asipewe ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa na watu.

Ndoo ya maji ya chumvi

Haya, dawa hupunguaje? Tufanye jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani. Chukua ndoo ya maji, tia kikombe cha chumvi, koroga mpaka iyeyuke. Mwaga nusu ya maji hayo, kisha ijaze ndoo kwa maji safi. Chumvi imebaki nusu. Mwaga tena nusu, ujaze tena. Imebaki robo. Mara ya tatu, imebaki sehemu moja ya nane. Ukifika mara ya saba, imebaki chini ya sehemu moja katika mia. Ulimi hauisikii tena, lakini bado ipo.

Mwili wa ng'ombe hufanya karibu hivyo hivyo. Tuchukue mfano wa dawa inayopungua nusu kila baada ya saa 10. Baada ya saa 10 imebaki nusu. Baada ya saa 20 imebaki robo. Baada ya saa 50 zimebaki kama sehemu 3 katika 100. Baada ya saa 70 imebaki chini ya sehemu 1 katika 100. Dawa nyingine hupungua upesi kuliko hiyo, na nyingine hukaa zaidi.

Ndoo hii inatufundisha mambo matatu.

Kwanza, inatuonyesha kwa nini daktari husema sindano irudiwe kesho na keshokutwa, au kwa nini nyinyi wenyewe hospitalini huambiwa mmeze vidonge kutwa mara tatu. Dawa inapungua, sharti iongezwe kabla haijawa dhaifu. Ukiacha katikati kwa sababu ng'ombe amesimama, wadudu waliobaki hukutana na dawa hafifu, nao hujifunza kuishi nayo.

Pili, kuzidisha dawa si kuharakisha kupona. Ukitoa mara mbili ya kipimo, mwili unahitaji duru moja zaidi ya kupunguza nusu. Maana yake siku zilizoandikwa kwenye chupa hazikufai tena.

Tatu, ziko dawa zilizotengenezwa makusudi zikae. Sasa weka bonge la chumvi ya mawe chini ya ndoo. Hata ukimwaga na kujaza, bonge linaendelea kuyeyuka, na maji yanabaki na chumvi. Ndivyo ilivyo oksitetrasiklini ya kukaa muda mrefu, ile ya asilimia 20, tunayoitumia kwa ndigana baridi. Hukaa katika msuli kama bonge na kuyeyuka siku kadhaa. Ni faida, maana sindano moja inatosha kwa siku hizo. Lakini siku za kungoja nazo ni nyingi. Kwa nyama zinaweza kufika siku 28 au zaidi.

Kumbukeni pia kwamba ng'ombe hawafanani. Ndama mchanga, ini na figo zake hazijakomaa. Ng'ombe mwenye minyoo ya ini, au aliyekauka maji kwa kuhara, naye huitoa dawa polepole kuliko ng'ombe mzima.

Maziwa yenye dawa yana ubaya gani?

Wako watu ambao miili yao haipatani na penisilini. Kiasi kidogo tu huweza kuwatoa vipele na kuwawasha, na wengine kuwabana pumzi. Tena, familia inayokunywa dawa kidogo kidogo kila siku inawazoesha wadudu walio tumboni. Siku mtoto akiugua kweli, dawa ya hospitali inaweza isifanye kazi.

Wengine husema, "Sisi tunachemsha." Kuchemsha ni kuzuri, kunaua vijidudu. Lakini hakuwezi kutegemewa kuondoa dawa.

Akina mama wanaogandisha mtindi wanalijua jambo hili kwa macho. Maziwa yenye dawa hukataa kuganda, kwa sababu dawa imewaua wale vijidudu wema wanaogandisha. Lakini msifanye hicho kuwa kipimo. Maziwa yanaweza kuganda na bado yakawa na dawa kidogo.

Najua mnalofikiri: hasara. Ng'ombe anayetoa lita 8 kwa siku, ukingoja siku 4, ni lita 32 zimemwagwa. Kwa mwenye ng'ombe mmoja hiyo ni ada ya shule, ni sabuni na sukari. Hatuwezi kusema ni kidogo. Lakini lita zako 8 zikiingia katika tangi moja na maziwa ya majirani kwenye kituo cha kukusanyia, tangi zima linaweza kukataliwa. Hapo umewatia hasara watu 20 ili kuokoa keni yako moja.

Ng'ombe mahututi

Iko hatari nyingine tunayoificha. Ng'ombe amechomwa sindano jana, leo amelala chini, haamki. Watu husema, "Tumchinje upesi, afadhali nyama kuliko mzoga." Ndugu zangu, huyo ndiye ng'ombe mwenye dawa nyingi kuliko wote. Dawa imejaa katika ini na figo, na pale palipochomwa sindano ni bonge tupu. Na hizo ndizo sehemu zinazowahi kuchomwa na kuliwa siku ile ile.

Sikilizeni yaliyotokea India, Pakistani na Nepali. Huko ng'ombe na nyati walikuwa wakipewa diklofenaki, dawa ya maumivu. Waliokufa mara baada ya kutibiwa waliliwa na tumbusi, wale ndege wala mizoga. Tumbusi wakafa kwa mamilioni, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua sababu. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba ni dawa ile iliyobaki katika mizoga, iliyokuwa ikiharibu figo za ndege. Mwaka 2006 nchi hizo zikaanza kuipiga marufuku kwa mifugo. Mtu si tumbusi, na dawa hiyo haimdhuru kama inavyomdhuru ndege yule. Lakini funzo ni hili: dawa haifi pamoja na ng'ombe.

Tufanye nini?

Kwanza, soma karatasi ya chupa kabla ya kuchoma. Tafuta siku za kungoja. Huwa ni hesabu mbili, moja ya maziwa na moja ya nyama. Ikiwa imeandikwa Kiingereza, mwombe muuza dawa au bwana mifugo akusomee. Chupa isiyo na karatasi usiinunue.

Pili, hesabu kuanzia sindano ya mwisho, wala si ya kwanza. Ikiwa sindano ya mwisho ni Jumatatu saa 12 jioni, na chupa inasema siku 4, siku hizo zinatimia Ijumaa saa 12 jioni. Maziwa ya Ijumaa asubuhi bado hayafai.

Tatu, mfunge ng'ombe kitambaa chekundu shingoni, ili yeyote atakayekamua ajue. Mkamue wa mwisho, na katika chombo chake.

Nne, ukitia dawa katika chuchu moja kwa ugonjwa wa kiwele, usiuze maziwa ya chuchu tatu zilizobaki. Dawa huingia katika damu na kutokea huko pia. Maziwa hayo yamwage shimoni, mbali na kisima, wala usimpe ndama.

Tano, weka daftari. Andika tarehe, jina la ng'ombe, dawa, kipimo, na siku ya kuanza kuuza tena.

Sita, kabla hujamtibu ng'ombe aliye mahututi, muulize daktari wa mifugo kama ana tumaini la kupona. Ukishamchoma sindano, nyama yake haifai mpaka siku zitimie, na akifa, mfukie.

Wenye swali wamwone bwana mifugo wa kijiji, na waende na chupa yenyewe mkononi.