Begi la Kilo 13

Miaka miwili iliyopita nilimliza mtoto wa watu mlimani. Sababu? Begi.

Wikiendi, nikishamalizana na mambo ya ofisi, huwa nafundisha skauti wa shule ya msingi hapa Morogoro. Safari yetu ya kwanza ilikuwa kupanda Uluguru hadi Morningside, kwenye lile jumba la zamani la Wajerumani. Nilijiona kamanda kwelikweli! Kila mtoto alibeba godoro la sponji, sufuria, jinzi mbili, makopo ya maharage na dumu la maji. Si kaulimbiu yetu ni "Uwe Tayari"?

Katikati ya njia kijana wa miaka 12 akakaa chini, mabega yamechubuka. Nikamwambia, "Skauti halalamiki." Akainuka, akateleza kwenye tope, akateguka mguu. Nilimteremsha mgongoni. Mama yake hakupiga kelele. Alisema tu, "Kaka, mwanangu harudi tena huko."

Usiku ule mke wangu, ambaye huoka keki za oda, akaleta mizani yake. Tukapima mzigo wa yule kijana, kitu kimoja kimoja. Kilo 13! Mwenyewe alikuwa na kilo 34.

"Wewe una kilo 80," akasema. "Ungekubali kupanda na 30?"

Sikuwa na jibu.

Tulichopunguza

Siku hizi begi, pamoja na maji na chakula, halizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mtoto. Lita moja ya maji ni kilo nzima, hivyo madumu basi: chupa mbili kila mtu, pamoja na vidonge vya kusafishia maji ya kijito. Sufuria moja kwa watoto wanne, turubai moja jepesi la nailoni na kamba zake. Khanga ndiyo taulo na ndiyo mto. Jinzi marufuku, maana ikilowa ni mzigo na haikauki. Traksuti ya mtumba inatosha. Makopo yamepisha dagaa, karanga na unga.

Ila wepesi si uzembe. Sweta, koti la mvua, tochi, filimbi na dawa za huduma ya kwanza havibaki nyumbani. Uluguru mvua haipigi hodi.

Kazi ngumu ni kuwafundisha kuacha. Kila mtoto anamwaga vitu vyake chini, anaeleza kila kimoja atakitumia lini. Mmoja alileta tochi tatu. Kumbe anaogopa giza! Tukampa rafiki wa kulala naye jirani, tochi mbili zikarudi nyumbani.

Mwaka jana nilirudi kwa yule mama, mizani mkononi. Alipima begi mwenyewe: kilo 6 na nusu. Akalitazama, akaongeza soksi kavu, akasema, "Haya, nendeni."

Kijana wake alifika Morningside wa kwanza, akatusubiri akitafuna karanga.

Na nyumbani je? Tukisafiri, mke wangu hupima begi langu. Lake halipimwi. Hapo bado hatujaelewana!