Betri Ikae Wapi? Neno kwa Wanaojiundia Magari

Katika mwezi wa Novemba mwaka 2011, wakazi wa Kampala walishuhudia gari dogo la viti viwili, lililopewa jina la Kiira EV, likitembea kwa nguvu za umeme. Gari hilo liliundwa na wanafunzi pamoja na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, chuo ambacho mwaka 2008 kilishiriki katika kuunda gari jingine, Vision 200, huko Torino, Italia. Wengi walistaajabia kwamba gari halina mlio. Wachache waliuliza swali ambalo kila aundaye gari, awe profesa au fundi wa Katwe, hana budi kulijibu: betri ikae wapi?

Swali hili linawahusu wanajeshi na polisi kwa njia mbili. Kwanza, wapo miongoni mwetu mafundi hodari ambao wakiwa likizoni, au baada ya kustaafu, hununua fremu ya gari kuukuu, injini ya gari la pili na ekseli za gari la tatu, wakajiundia gari lao wenyewe. Pili, gari lolote likipinduka barabarani, askari ndiye hufika kabla ya wengine, na uhai wake pamoja na uhai wa majeruhi huweza kutegemea mahali fundi alipoamua kuificha betri hiyo.

Desturi ya gereji nyingi ni kuifikiria betri mwisho kabisa. Injini imekwisha kukaa, rejeta imekwisha kufungwa, tangi la petroli limepata nafasi yake, ndipo fundi hutazama huku na huku akitafuta pembe iliyobaki. Tunavyoona sisi, hapo ndipo makosa huanza, maana pembe iliyobaki mara nyingi imebaki kwa sababu haifai.

Na tuanze na uzito. Betri ya kawaida ya volti 12 ya gari dogo ina uzito wa kilo 15 hivi, na ya dizeli hupita hapo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga mti na kusimama katika nafasi ya nusu mita tu, kila kitu kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ipatayo mara 20 ya uzito wake. Kilo 15 zinakuwa kama kilo 300, yaani magunia matatu ya mahindi yanayoruka kwa pamoja. Ni nani atakayeamini kwamba kamba ya mpira itayazuia magunia hayo? Ndiyo maana kitako cha betri hufungwa kwenye fremu yenyewe kwa boliti, wala si kwenye bati la bodi, na juu yake hupitishwa mkanda wa chuma uliokingwa kwa mpira usiguse vichwa vya betri.

Wapenda mbio hupenda kuipeleka betri nyuma, ndani ya buti, ili kuusawazisha uzito wa injini iliyo mbele. Hoja hiyo ina nguvu, na hata kampuni kubwa zimefanya hivyo. Mini ya zamani ilikuwa na betri yake ndani ya buti. Lakini umbali una gharama yake. Stata ikivuta ampea 200 kupitia waya wa shaba wa mita 4 wenye unene wa milimita za mraba 16, zaidi ya robo tatu ya volti hupotea njiani ikawa joto tupu. Waya wa milimita za mraba 50 hupunguza hasara hiyo hadi robo volti na ushei, ila bei yake si ya mchezo. Tena, waya huo mrefu hubeba nguvu zote za betri chini ya sakafu ya gari zima. Ukikwaruzwa na ukingo wa bati mpaka ngozi yake ikatoboka, moto utawaka bila ya kuuliza nani ni dereva. Anayechagua buti hana budi kuupitisha waya ndani ya bomba la kinga, kuweka mpira katika kila tundu la bati, na kufunga swichi ya kukatia umeme karibu na betri.

Joto nalo ni adui. Betri iliyowekwa ubavuni mwa ekzosi haitaishi muda wake. Aidha, betri ya risasi na asidi inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo ikifikia sehemu 4 tu katika sehemu 100 za hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo betri ikikaa ndani ya chumba cha abiria au ndani ya buti, inapasa iwe katika sanduku lililofungwa, lenye mrija wa kutolea hewa hiyo nje.

Wapo wanaosema ishushwe chini ya sakafu, kwa kuwa uzito ukikaa chini gari halipinduki upesi. Ushauri huo ni mzuri kwa barabara kavu. Kwa mtu anayepita Bwaise au Kalerwe baada ya mvua ya saa moja, ni ushauri wa kumwogesha betri kila msimu.

Wanajeshi wanakumbuka Land Rover Defender, ambayo betri yake hukaa chini ya kiti cha mbele. Kwa gari la kujiundia, tukiulizwa, tungechagua mahali kama hapo: katikati ya gari, mbali na ekzosi, juu ya maji ya kawaida, na waya si mrefu mno. Sharti ni kifuniko imara kisichopitisha umeme. Volkswagen ile yenye umbo la kobe iliweka yake chini ya kiti cha nyuma, na pale kifuniko kilipopotea, abiria mnene aliweza kuzigandamiza springi za kiti juu ya vichwa vya betri na kuwasha moto chini yake mwenyewe.

Mahali popote palipochaguliwa, mgeni aweze kupajua. Askari waliolinda njia za mashindano ya Pearl of Africa Rally wameiona juu ya magari alama ya pembetatu ya buluu yenye mshale mwekundu wa umeme. Alama hiyo humwonyesha mwokoaji swichi ya kukata umeme wote wa gari akiwa nje. Gari la kujiundia lina haja nayo kuliko la mbio, kwa kuwa hakuna kitabu cha kiwandani kinachoeleza betri yake iko wapi. Wakaguzi wa magari wa Polisi wangefanya vyema kuiulizia.

Magari ya umeme yamelikuza jambo hili. Basi la Kayoola la viti 35, lililoonyeshwa Kampala mwaka 2016, lilikuwa na betri za aina mbili ya mafungu: fungu moja likilishwa na jua kutoka paani, na la pili kwa safari ndefu zaidi. Mabasi yaliyofuata, Kayoola EVS, yaliundwa Nakasongola katika Luwero Industries, kiwanda kilicho chini ya shirika la biashara la jeshi letu, UPDF. Katika magari ya namna hiyo betri si mzigo wa kutafutiwa pembe. Gari hujengwa kuizunguka. Waya za nguvu kubwa huvikwa rangi ya machungwa, nazo hazikatwi wala haziguswi na askari aliyefika kuokoa. Betri za lithiamu zilizopondeka huweza kuwaka tena saa nyingi, hata siku kadhaa, baada ya moto wa kwanza kuzimwa. Hivyo gari hilo haliegeshwi karibu na mengine katika uwanja wa kituo cha polisi.

Kwa gari la kawaida lililopata ajali, hakikisheni kwanza kwamba hakuna petroli iliyomwagika karibu na betri. Zimeni ufunguo, kisha fungueni waya wa hasi kabla ya ule wa chanya, ili spana ikiteleza na kugusa bodi isitoe cheche. Wakati wa kurudisha, waya wa hasi huwa wa mwisho.