Mikahawa Izungukayo Juu ya Minara

Mtu aketiye katika mkahawa ulio kileleni mwa mnara, akauona mji ukipita taratibu mbele ya dirisha lake, mtaa baada ya mtaa, mpaka mlima uliompotea kushoto ukamtokea tena kulia, aghalabu hudhani kuwa chini yake imefichwa mashine yenye nguvu za ajabu iuzungushayo mnara mzima. Dhana hiyo ni mbali na kweli, na kweli yenyewe yapendeza zaidi.

Tamaa ya kula karamu juu ya sakafu itembeayo ni ya kale. Suetonius, mwandishi wa Rumi, alisimulia kuwa kasri ya Kaisari Nero ilikuwa na ukumbi wa kulia uliozunguka usiku na mchana. Na mwaka 2009 wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua katika kilima cha Palatino jengo la mviringo lenye nguzo nene ya mita 4, ambalo baadhi yao huliamini kuwa ndilo msingi wa ukumbi ule. Katika zama zetu ufundi huu ulipanda minarani: Dortmund, Ujerumani, mwaka 1959, Kairo, mwaka 1961, Seattle, Marekani, mwaka 1962, kwa ajili ya maonyesho ya dunia. Nairobi nayo ilipata mkahawa wa namna hiyo juu ya jengo la mikutano la KICC, lililokamilika mwaka 1973.

Mnara wa Seattle, uitwao Space Needle, una urefu wa mita 184, na walipoufungua, injini iliyozungusha mkahawa wake ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja tu. Hikima iliyowezesha jambo hilo ni kwamba wahandisi hawakuzungusha ila kile kilicholazimu kuzungushwa. Lifti, ngazi, jiko, mabomba ya maji safi na ya maji taka, vyote vilibaki katika kiini cha jengo kisichosogea. Na kuta za vioo zilizo ukingoni nazo zilitulia mahali pake. Kilichozunguka ni pete ya sakafu iliyo katikati ya viwili hivyo, yenye meza na viti, ikipita juu ya reli na magurudumu ya chuma, na kumaliza duru moja kwa dakika 47.

Natufanye hesabu ya mfano. Pete yenye uzito wa tani 100 na kipenyo cha mita 27, ikienda kwa mwendo huo, ukingo wake husogea sentimita 3 hivi kwa sekunde. Na kwa kuwa chuma kigumu kikibiringika juu ya chuma kigumu hupambana na ukinzani mdogo mno, yapata kilo 2 kwa kila tani, nguvu ihitajikayo haizidi ile ya taa moja ya umeme ya wati 60. Gia hula sehemu yake, na mhandisi mwenye hadhari huongeza akiba. Hata hivyo farasi mmoja hutosha.

Taabu kubwa, basi, haimo katika nguvu bali katika usawa. Reli ikiinuka milimita chache upande mmoja, pete hulazimika kupanda kilima katika kila duru, na mtetemo wake huonekana katika maji ya bilauri kabla haujasikika sakafuni. Kwa hiyo reli hupimwa kwa uangalifu, na magurudumu mengine hulazwa ubavuni ili kuizuia pete isihame kutoka kitovuni mwake.

Liko jambo ambalo, kwa rai yangu, lina haki ya kutangulizwa mbele ya mandhari yote: mpaka ulio baina ya sakafu iendayo na ukuta uliosimama. Zile gia zipunguzazo mwendo ndizo zizidishazo nguvu ya msukumo, hata pete hiyo ya polepole, ikikutana na kiungo cha mwanadamu, haihisi kizuizi. Mwaka 2017, huko Atlanta, Marekani, mtoto mdogo alibanwa baina ya sehemu izungukayo na ukuta, akafariki. Usanifu ulio mwema hauachi pembe ambamo meza hukaribia ukuta kiasi cha kumnasa mtu. Huweka vihisio vikatavyo umeme kwa mguso mdogo, na vitufe vya kusimamishia vilivyo karibu na mkono wa kila mhudumu. Polepole si sawa na salama, na mmiliki asadikiye kuwa ni sawa hastahili kukabidhiwa mtambo huu.

Mnara wa Seattle ulifanyiwa ukarabati mkubwa uliozaa, mwaka 2018, sakafu ya kioo izungukayo. Mgeni asimamaye juu yake huona, chini ya nyayo zake, mitambo ile iliyokuwa imefichwa, na chini zaidi, ardhi.